Usukani wa boti ya zamani umegoma kutoka, nati nimeshafungua

Nahodha_Mpya

Wakuu salaam. Nina boti ya faiba ya miaka ya 1980, injini ya nje imefungwa tezi (nyuma ya boti), usukani ni wa kuvuta waya. Usukani wenyewe una mikono mitatu, kitovu cha alumini, na mduara umevikwa plastiki iliyoliwa na jua mpaka inaacha weusi viganjani. Imepasuka palepale ninaposhika. Nataka kufunga mpya.

Kifuniko cha katikati kimetoka bila ugomvi, nati nayo ikaachia kwa soketi ya kawaida. Baada ya hapo, kimya. Usukani haujasogea hata unywele. Nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikarudia asubuhi, nikakaa kwenye kiti nikapachika magoti nyuma ya mduara na kuvuta mpaka dashibodi ikaanza kulia. Hapo nikaacha, maana dashibodi yenyewe ni ya plaiwudi na umri wake sawa na wa boti.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: usukani unazunguka vizuri kushoto na kulia, na injini inafuata. Waya haujaganda. Shida ni kuutoa tu. Rafiki yangu anasema nigonge ncha ya shafti kwa nyundo huku yeye akivuta. Nyundo ipo, mkono ndio unasita. Mnanishaurije?

Msafiri_wa_Maji

Gonga mkuu. Mmoja avute, mwingine ashushe pigo moja la maana. Wa kwangu ulitoka hivyohivyo na boti inatembea mpaka leo. Mambo ya vifaa maalumu ni mbwembwe za mafundi wanaotaka kulipwa.

FundiWaTezi

Weka nyundo chini kwanza, kijana, tuelewane na hicho chuma.

Shafti ya usukani wa boti kwa kawaida haina unene mmoja. Inakonda kuelekea ncha, na tundu la kitovu limekatwa kwa mteremko huohuo. Unapokaza nati, usukani unasukumwa kupanda kwenye sehemu nene na kujibana wenyewe. Nati ukiitoa, ule mbano hauondoki nayo. Kuna na kii, kile kipande kidogo cha chuma kwenye mfereji wa shafti, lakini kazi yake ni kuzuia usukani usizunguke bure. Kinachoushikilia usitoke ni mbano.

Sasa ongeza miaka ya maji ya chumvi. Kitovu ni alumini, shafti ni chuma. Chumvi ikiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaozaliwa hapo unahitaji nafasi kubwa kuliko ile alumini iliyoliwa, na nafasi hiyo haipo, kwa hiyo unazidi kubana. Ndiyo maana magoti yako hayakufua dafu. Tena ukivuta kwenye mduara, nguvu nyingi inaishia kupinda mikono ya usukani na kutesa dashibodi. Kitovuni inafika kidogo, na inafika kwa upande.

Msafiri sibishani naye kwamba wake ulitoka. Mingi imetoka kwa nyundo. Mimi nauliza kilichoko nyuma ya dashibodi. Pigo la kwenye ncha ya shafti haliishii hewani, linakwenda moja kwa moja kwenye boksi la gia la usukani: kwenye bushi, kwenye klipu inayoshika shafti, kwenye ganda ambalo mara nyingi ni plastiki au alumini ya kumimina. Usukani wako ungekuwa wa haidroliki ningekukataza kabisa, kwa sababu pale shafti ni sehemu ya pampu, na ukiumiza sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, mafuta yatakuchuruzikia miguuni. Wenye kiungo cha kuinamisha usukani juu na chini nao vilevile, wasiguse nyundo.

Tafuta pula, kifaa cha kung'olea kwa kukaza boliti. Ya usukani wa gari inafaa kabisa. Angalia kitovu: kama kina matundu mawili yenye thredi, moja kila upande wa shafti, umepona. Boliti mbili za pula zinaingia hapo, ile ya katikati inakaa kwenye ncha ya shafti, unakaza. Nguvu yote inakwenda kitovuni na inavuta moja kwa moja.

Nati usiitoe kabisa. Irudishe mpaka iwe sawa na ncha ya shafti, uache mwanya wa kama milimita 3 kati yake na kitovu. Inalinda thredi zisichanue, na inalinda kidevu chako, maana usukani ukiamua kuachia hauombi ruhusa. Unaruka.

Tupe jibu, una matundu?

Nahodha_Mpya

Asante sana mzee wangu. Nimekwenda kuangalia: matundu hakuna, kitovu kimefungwa pande zote. Pula ya makucha matatu ninayo, lakini nyuma ya kitovu makucha hayapiti, nafasi ya kutoka dashibodi haifiki hata unene wa kidole. Ninaweza kuyashikisha kwenye mikono ya usukani badala yake? Na moto wa gesi nao nimeambiwa unasaidia, vipi?

BintiNgalawa

Kaka, moto wa gesi ndani ya boti ya petroli, tena ya zamani? Hebu usifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, hata kama pua yako haiusikii. Halafu nyuma ya hiyo dashibodi kuna nyaya za umeme zilizozeeka. Na yale mafuta uliyopulizia yenyewe yanawaka.

Joto lenyewe ni wazo zuri, kinachobadilika ni chombo. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo ukipasha kitovu kinapanuka kuliko shafti iliyomo. Nilichotumia mimi ni kile kipulizaji cha hewa moto cha kubandulia rangi. Futa mafuta yote, fungua milango ya matangi ili hewa ipite, toa tangi la kubebeka kama lipo, funika dashibodi kwa kitambaa kibichi, kisha elekeza hewa kwenye kitovu, shafti usiipashe. Maji yakipigwa tone kitovuni yakachemka, inatosha. Na pula iwe imeshakazwa kabla hujaanza kupasha, la sivyo joto linafika kwenye shafti nayo inatanuka, umerudi ulikotoka.

Usukani wa haidroliki hata hilo silishauri, sili za mpira ziko karibu mno.

FundiWaTezi

Binti kasema sawa, sina la kuongeza kwenye joto.

Mikono ya usukani usiishike kwa makucha. Alumini ya kumimina ikizeeka haipindi, inavunjika, na ikivunjika pula iliyokazwa inageuka kombora. Kuna pula yenye sahani mbili zinazobana kutoka nyuma, ile ya kutolea beringi. Ni nyembamba na mara nyingine inapita pale makucha yanapokwama. Ukiipata, anza nayo.

Usipoipata, wewe una bahati ambayo wengine hawana: usukani huo unautupa. Basi toboa matundu yako mwenyewe. Pima pande mbili za shafti, umbali sawa kabisa kutoka katikati, mahali ambapo nyama ya kitovu ni nene. Toboa, kata thredi za milimita 8 kwa tepu (kifaa cha kukatia thredi), pakaza mafuta kidogo unapokata maana alumini inapenda kung'ang'ania meno ya tepu. Thredi ziwe ndefu. Boliti ikishika mizunguko michache tu itang'oa alumini na kutoka mikono mitupu. Matundu yakiwa hayako sawa, pula itavuta kwa upande, na mbano wa namna hii ukivutwa upande unazidi kuuma.

Kaza boliti ya katikati mpaka mkono ukatae, halafu ondoka. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira, wanaongeza bomba refu kwenye spana na kukata boliti. Iache na mvuto wake usiku kucha. Kesho yake ongeza robo mzunguko, mafuta kidogo, iache tena.

Nyundo sasa ina kazi, ila haigusi ncha ya shafti. Shika nyundo nzito ubavuni mwa kitovu iwe fuawe, kisha gonga ubavu wa pili kwa nyundo ndogo, makofi mafupi ya haraka, huku pula ikiwa imekaza. Mtikisiko unapita kitovuni na kurudi kwenye ile nyundo nzito, boksi la gia linaambulia kidogo tu. Kilichokataa kwa nguvu huwa kinakubali kwa mtikisiko.

Msafiri_wa_Maji

Na ikikataa yote hayo mzee? Maana mimi ningeshachukua grenda.

FundiWaTezi

Grenda nayo ina nafasi yake, Msafiri, tena siidharau. Kata mikono mitatu, mduara uondoke, ubaki na kitovu tu. Kisha pasua kitovu kwa urefu, palepale juu ya kii. Hapo ukipitiliza kidogo unakata kii, ambayo ni ya kubadilisha, na shafti inabaki salama. Usifike mwisho kwa grenda. Ukibakisha ukuta mwembamba, ingiza tindo kwenye mkato huo ugonge taratibu, kitovu kinafunguka. Cheche za grenda na petroli hazipatani, kwa hiyo yote aliyosema Binti kuhusu hewa na ngama yanarudi hapa, tena kwa ukali zaidi. Mimi sehemu ya karibu na shafti huwa namalizia kwa msumeno wa chuma wa mkono. Inachosha, lakini unaona unachokata.

Njia nyingine ni kufungua boksi lote la gia kutoka nyuma ya dashibodi na kulipeleka kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani cha fundi, pamoja na usukani wake. Kama boksi lenyewe limechoka na unafikiria kulibadilisha pamoja na waya, usipoteze jasho kwenye shafti hiyo kabisa.

Nahodha_Mpya

Wakuu, umetoka!

Nimetoboa matundu kama mzee alivyoelekeza. Pula ikalala usiku mzima, asubuhi hakuna kitu. Nikapasha kitovu kwa hewa moto, nikaongeza robo mzunguko, na nilipoanza tu kugonga ubavuni ukaachia kwa mlio ambao rafiki yangu alidhani dashibodi imepasuka. Nati iliudaka, kidevu kipo salama.

Ndani ni unga mweupe mtupu, umeganda kama chokaa. Kii imebaki kwenye shafti, thredi ziko safi. Shafti nimeisugua kwa msasa laini, ina vidoti vya kutu lakini sioni mkwaruzo. Nina maswali mawili ya mwisho: usukani mpya nitajuaje utaingia, na ile nati ya zamani naweza kuirudisha?

BintiNgalawa

Hongera kaka! Kuhusu kuingia, pima shafti sehemu yake nene. Boti nyingi zinatumia shafti ya inchi 3/4, yaani kama milimita 19, na sukani nyingi za dukani zimechongwa kwa hiyo. Lakini ya kwako ni ya zamani, pima kwanza. Ukiuweka bila nati, usukani ukae bila kucheza upande wowote. Ukicheza, mteremko haulingani, na nati hata uikaze vipi haitarekebisha hilo. Mfereji wa kii nao uangalie upana.

FundiWaTezi

Nati ya zamani itupe. Weka mpya yenye pete ya plastiki ndani, ile inayojifunga isilegee kwa mtikisiko; ile pete ikishatumika mara moja haina tena mshiko wa kuaminika, na usukani ukikutoka mkononi ukiwa kwenye mwendo hakuna pa kushika. Kii nayo, kama kingo zake zimeviringika, badilisha.

Kabla ya kufunga pakaza grisi ya majini kwenye shafti, utando mwembamba tu, ili chumvi isipate njia. Wapo watakaokuambia mbano unataka chuma kikavu. Mimi nimetoa zilizofungwa kavu na zilizopakwa grisi, na ninajua nipi nilitoa nikiwa bado na ngozi kwenye vidole. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha usukani husika, usipitilize. Ukishaiendesha kidogo fungua kifuniko, weka spana juu ya nati uone kama imesogea.

Na huo unga mweupe kabla hujausahau: ukiuona pale, pitisha mkono kule tezi kwenye bomba ambamo ncha ya waya wa usukani inapita ndani ya injini. Chumvi ileile imefika huko pia. Kama waya bado unateleza, mpe grisi sasa.