Jiko la gesi lalia tak-tak halishiki moto: tupeane uzoefu

Bint wa Kuze
Assalaam aleikum jamaa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu majiko ya gesi yanayokataa kuwaka, maana naona watu wauza jiko zima kwa bei ya kutupa, na kilichoharibika ni kitu kidogo.

Naanza mimi. Langu ni la mezani, la vichwa viwili. Cha kushoto kilikuwa kikilia tak-tak vizuri, gesi waisikia yatoka, lakini moto haushiki. Fundi wa kwanza akaniambia limekwisha, ninunue jingine. Moyo wangu ukakataa. Usiku nikafunga gesi pale mtungini, nikazima taa zote, nikazungusha kitufe. Hapo ndipo nikaona: cheche yaruka, lakini haiendi juu kwenye kichwa. Yatoka ubavuni mwa kile kijiti cheupe cha kauri, chini kabisa, yagusa bati. Kauri ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ambao mchana huuoni. Kijiti kikabadilishwa, jiko likawaka.

Wenzangu mmekutana na nini? Hasa sisi tulio karibu na bahari, maana hewa hii ya chumvi haikiachi chuma kikapumzika.

Mama Mahamri, Majengo
Waaleikum salaam mwanangu. Shida yangu mimi ni tui. Napika mbaazi za nazi kila alfajiri, na tui likifurika lashuka chini ya kofia ya jiko, laganda kwenye vitundu, hasa vile vilivyoelekea kijiti cha cheche. Upande wa pili vitundu viko wazi, kwa hivyo ukiwasha kwa kiberiti moto washika. Kwa cheche haushiki, kwani pale inaporukia gesi haifiki.

Ngoja jiko lipoe, toa kofia na kichwa, loweka kwenye maji moto ya sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, kisha zibua kitundu kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea. Usitumie kijiti cha meno, kitavunjikia ndani. Halafu ukaushe! Wengi wakishaosha hurudisha vikiwa na maji, cheche ikapotelea majini, wakasema jiko limekufa. Mimi huvianika juani hapo barazani. Na kofia ikirudi iwe imetulia. Ikicheza ukiigusa, haijakaa mahali pake.

Fundi, Mwembe Tayari
Mama amesema kweli. Nami niliye kwenye kazi hii nawaomba jambo moja kabla ya kuita fundi: jaribuni kwa kiberiti. Kiberiti kitangulie, gesi ifuate. Likiwaka vizuri, gesi iko sawa, ugonjwa uko kwenye cheche au kwenye vitundu alivyosema Mama. Lisipowaka hata kwa kiberiti, acheni habari ya cheche, tazameni mtungi, regyuleta, mpira na nozo, kile kidude chenye tundu dogo gesi inapotokea kuingia kichwani.

Kisha tazameni vichwa vingapi vimekufa. Majiko ya betri au ya stima kwa kawaida yana kisanduku kimoja kinacholisha cheche vichwa vyote. Vikifa vyote pamoja, ni betri, ama waya wa stima, ama kisanduku. Kikifa kimoja, ni kijiti chake au waya wake. Na hapa Mombasa mara nyingi betri haina kosa. Fungua kifuniko chake chini ya jiko utaona springi imeota kutu ya kijani, na hapo hata ukitia betri mpya haisaidii. Sugua kwa msasa laini hadi chuma king'ae, pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha. Yale ya mezani yasiyo na betri, kila kitufe kina kifaa chake kinachogonga. Kikigonga bila kutoa cheche na kijiti ni kizima, hicho ndicho cha kubadilisha.

Liko jambo jingine lawasumbua wenye majiko ya kupachikwa kwenye kaunta: moto washika, ukiachia kitufe wazima. Hapo cheche haina makosa. Kando ya kichwa kuna kijiti cha pili, cha chuma, tunakiita themokapo. Moto ukikipasha hutoa umeme kidogo sana unaoshikilia vali ya gesi isijifunge. Bonyeza ushikilie sekunde 5 hadi 10 ndipo uachie. Moto ukizima bado, pangusa masizi kwenye ncha yake kwanza, na isipokubali ndipo ununue.

Mkaazi wa Likoni
Langu ni la mtumba, lilitoka Uingereza. Cheche nzuri, mpira mpya, lakini likishika lapiga "bup!", moto mrefu wa manjano, sufuria nyeusi tititi. Kumbe kule majiko mengi ni ya gesi ya bomba, methani, na nozo zake zina tundu kubwa. Gesi yetu ya mtungi ni propani na butani, yataka tundu dogo. Nozo zote zikabadilishwa, moto ukawa wa buluu. Mkinunua mtumba ulizeni hilo kabla ya kulipa. Na nozo ikiziba msiipanue kwa msumari.

Umm Salim, Tudor
Nawasihi kitu kimoja, ndugu zangu. Jiko likikataa, watu huacha kitufe wazi wakatafuta kiberiti chumba cha pili. Jirani yangu aliungua mkono na nyusi kwa njia hiyo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala chini sakafuni, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa yaweza kulipuka. Moto usiposhika upesi, funga, fungua mlango na dirisha, ngoja harufu iishe kabisa. Swichi ya taa usiiguse, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Na maungio ya mpira yapakwe povu la sabuni. Likifura, gesi yavuja.

Kijana wa Bamburi
Shukran Umm Salim. Fundi, swali: jiko letu lachomekwa ukutani. Stima ikipotea tukae na njaa?

Fundi, Mwembe Tayari
Hapana kaka. Kwa mengi ya aina hiyo, stima kazi yake ni cheche tu. Washa kiberiti kwanza, kisogeze kwenye kichwa, ndipo ubonyeze na kuzungusha kitufe taratibu. Yenye themokapo yatashikilia moto vilevile, kwa sababu umeme wake watokana na ule ule moto. Ila lile la kioo la kugusa kwa kidole bila kitufe halifungui gesi pasipo stima, hilo lisubiri.

Bint wa Kuze
Na kijiti cha kauri kikipasuka, dukani tuulize vipi?

Fundi, Mwembe Tayari
Usiulize kwa mdomo dada, nenda na kile cha zamani mkononi. Linganisha urefu wa kauri, urefu wa ncha na kichwa cha waya. Ncha ikiwa fupi cheche haifiki, na ikiwa ndefu yagusa chuma.