Bibi wa Rufiji anapokonywaje kipaza sauti katika mdahalo wa tabianchi?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa kuwa mdahalo wenyewe umemalizika jioni hii na hata chakula hakijapita kooni. Ninayemsema mnamjua. Hapana haja ya kumtaja, maana katika mji huu haufanyiki mdahalo wa mazingira bila yeye kukalia kiti cha katikati, na naamini siku bahari itakapofika Dodoma atakuwa jukwaani bado, suti imelowa hadi kifuani, akituambia kwamba hayo ni maji ya kawaida kwa msimu.

Leo, mbele ya ukumbi mzima, amempokonya bibi kipaza sauti. Hakumwomba afupishe, wala hakumsubiri ameze mate. Yule bibi ametoka delta ya Rufiji, amekaa tangu asubuhi akisikiliza watu wazima wakisomeana karatasi, na zamu yake ilipofika akasimama, akaamkia, akaanza kueleza namna maji ya Aprili 2024 yalivyoingia mashambani. Alikuwa katikati ya sentensi yule bwana aliponyoosha mkono, akakitoa kipaza sauti katika kiganja chake, akasema: "Bibi yangu, hizo ni hadithi. Hapa tunazungumzia takwimu." Na wapo waliopiga makofi.

Basi tuzungumzie takwimu, kwa sababu yeye aliongea mpaka mafeni ya ukumbi yakachoka na hakutoa hata moja. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155, zimejeruhi 236, na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu upande wa Mafia, wakati bonde la Rufiji lilikuwa bado limejaa maji. Mwaka huohuo wa 2024 ndio uliokuwa na joto kubwa kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya enzi ya viwanda kwa nyuzi 1.55 hivi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukigeuka mvua hauulizi kama aliye chini yake ana shahada.

Yeye anasema mafuriko ya Rufiji yalikuwapo tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna jipya. Ndugu zangu, anamwambia hivyo nani? Anamwambia mtu wa Rufiji! Watu wa lile bonde wameishi na mafuriko kabla mto wenyewe haujachorwa kwenye ramani yoyote aliyowahi kuining'iniza ofisini kwake. Wanajenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ili walale juu ya maji, wanangoja mto upungue, kisha wanapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, katika tope jipya lenye rutuba. Kwao furiko la kiasi ni mgeni anayepikiwa. Mtu wa namna hiyo anaposimama na kusema kwamba maji ya safari hii hayakuwa yale anayoyajua, mwenye akili anachukua kalamu. Yeye alichukua kipaza sauti.

Nilimfuata bibi nje ili amalizie sentensi yake. Alisema maji ya zamani yalikuwa yakipanda kwa hatua, watu wakapata muda wa kuhamisha mbegu na kuku, lakini yale ya 2024 yalipita sakafu za madungu, yakakaa hata msimu wa mlau ukaanza kuponyoka, na yalipoondoka mbegu ya kupanda ilikuwa imeondoka nayo. Urefu wa maji, muda yaliokaa, tarehe ya kupanda na hasara ya mbegu vyote vilikuwamo katika maelezo ya yule mama. Hayo ndiyo aliyoyaita hadithi.

Kisha yule bwana akaja na hoja yake ya pili, ile anayoipenda kuliko watoto wake, kwamba Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia, kwa hiyo tuache kujisumbua. Kiwango ni kweli, ila kinavyotumiwa ni aibu. Ni kwa sababu ya kiwango hicho tunapaswa kudai kwa sauti kubwa zaidi, maana nchi tajiri zilizoahidi kuzisaidia nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 zilichelewa miaka 2 kuzitimiza, na katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Baku mwaka 2024 zikaahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulianzishwa kwa ajili ya watu kama yule bibi. Sasa dai hilo atalipeleka nani, ikiwa sisi wenyewe hatuwezi kumsikiliza aliyepata hasara mpaka mwisho wa sentensi?

Hata hapa nyumbani kazi ipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, Agosti 2023, kwamba mvua za vuli zitakuwa kubwa kwa sababu ya El Niño. Utabiri huo unahitaji gari la kumhamisha mtu, ghala la mbegu mahali pa juu, na mikoko isiyofyekwa, maana delta ile ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Hayo ndiyo tuliyokwenda kuyajadili, na hatukuyajadili, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

Alikitoa mkononi mwa bibi, wakuu. Mwanamke wa umri wa mama yake mzazi. Mpaka sasa nauona ule mkono.

Nawasilisha.

Mwana wa Utete: Mleta uzi, Mungu akubariki. Huyo bwana mimi namfahamu tangu alipokuwa akija bondeni kwetu na viatu vyeupe, akaogopa kushuka kwenye gari. Naomba niongeze kwamba kule kwetu wapo wanaolitaja pia bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huohuo, katika habari ya mafuriko yale, na serikali kwa upande wake inasema bwawa lilipunguza kishindo cha maji. Mjadala huo hautakwisha kamwe ikiwa walioyaona maji yakiingia ndani wananyang'anywa nafasi ya kusema yaliingia saa ngapi na kutokea wapi.

Hoja Kwanza: Mleta uzi, umetuandikia mkono, kiganja, kipaza sauti, halafu mkono tena. Ulikuwamo ukumbini, una miguu miwili na sauti inayofika huku mtandaoni, na hukusimama. Umesubiri ufike nyumbani ndipo uwe shujaa. Pili, kama unataka takwimu, zilete zote. Wanasayansi wa World Weather Attribution waliochunguza mvua za masika ya 2024 katika Afrika Mashariki walikadiria kwamba ongezeko la joto liliziongezea nguvu kwa kama asilimia 5 tu, tena kwa tahadhari kubwa, na wakasisitiza kwamba watu wanaumia zaidi kwa sababu miji inapanuka ovyo na watu wanajenga mabondeni. Huyo mnayemtukana ana makosa ya adabu, lakini makazi mabaya ni suala la kweli.

Mleta uzi: Hoja Kwanza, nilinyoosha mkono mpaka bega likauma, na aliyekuwa akigawa nafasi ni yeye mwenyewe. Kuhusu masika nakubali kiwango hicho, ila taja na mvua za Oktoba hadi Desemba 2023, ambazo watafiti haohao walisema huenda ziliongezwa nguvu hadi mara mbili. Na Rufiji si mji uliopanuka ovyo. Ni mashamba. Bibi hakujenga ghorofa bondeni, alipanda mpunga.

Mwani wa Paje: Nyinyi wa bara mna bahati, kwenu angalau mtu hupewa kipaza sauti kabla ya kupokonywa. Sisi wanawake wa mwani huku Unguja hatuitwi hata huo mdahalo. Mwani aina ya cottonii, ule wenye bei nzuri, unakufa kwa sababu maji ya ufukweni yamekuwa ya moto, na tunaambiwa tuhamie maji ya kina kirefu. Wengi wetu hatujui kuogelea, na boti hatuna. Nimewahi kumsikia mtaalamu, si huyo wenu lakini wametoka tumbo moja, akisema wanawake wa mwani ni wavivu siku hizi. Laiti angeshinda siku moja ndani ya yale maji, akatoka, akalirudia neno lake.

Nyasi za Isiolo: Poleni majirani, ila msitusahau sisi wa kaskazini mwa Kenya. Tulikosa mvua misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakafa wakiwa wamesimama, na watafiti wakasema kwamba ukame wa namna ile uliongezewa uwezekano wa kutokea angalau mara 100 kwa sababu ya joto lililoletwa na binadamu. Halafu mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja kuzoa mbuzi waliobaki. Septemba ya mwaka huohuo viongozi wa Afrika walikuwa wamekutana Nairobi na kutoa azimio zuri sana, lakini mfugaji wa kwetu bado anangoja mbuzi mmoja kutoka katika azimio hilo.

Mama Lishe Temeke: Wote mnaongea ya Baku na ya Nairobi. Mimi nauliza ya jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na mimi nimekubali, nimenunua mtungi. Kuujaza ndiyo vita. Mkaa nanunua wa kopo, kwa kadiri ya mauzo ya siku, lakini gesi inataka nitoe fedha zote kwa mkupuo. Mtaalamu wa mdahalo aje anieleze hilo, na kipaza sauti akae nacho.

Kirikuu cha Mkaa: Mama Lishe, afadhali umesema. Sisi tunaobeba mkaa tunaitwa waharibifu wa misitu kila kona, lakini hakuna aliyetueleza tutabeba nini badala yake. Mimi nina mkopo wa gari na watoto shuleni.

Hoja Kwanza: Kirikuu, msitu unaoufyeka leo ndio ungezuia udongo kuingia mtoni kesho. Usijifiche nyuma ya mkopo.

Kirikuu cha Mkaa: Mimi sifyeki, nabeba. Anayefyeka ana kibali, kaulize aliyempa.

Mama Lishe Temeke: Yaacheni hayo. Kuna mtu amesema zipo gesi za kulipia kidogo kidogo, kwa kipimo, hata kwa fedha ya siku moja. Kama yupo anayeitumia hapa Temeke, aniambie wanafungaje mita na kama wanakubali jiko la biashara.