Tenki la bagi: kifuniko chenye tundu au mpira wa kupumulia?

Bagi_Nyumbani: Wakuu habari za jioni. Naunda bagi (gari dogo la wazi la mabomba) hapa nyumbani, chasisi ya bomba tayari, injini Toyota 5A. Fundi amenikunjia tenki la alminiamu lita 40, litakaa nyuma ya siti. Niweke kifuniko chenye tundu basi, au nitoe mpira wa kupumulia, yaani wa kupitishia hewa ya tenki? Na paipu ya kwenda injini iwe shaba au mpira mtupu? Kesho asubuhi anachomelea, naomba majibu leo.

Spana14: 5A ipi sasa? 5A-F ya kabureta au 5A-FE ya EFI (inayopuliza petroli kwa umeme)? Kabureta inataka presha kidogo sana, FE inataka karibu bar 3 na lazima uwe na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tenki. Pampu ndani au nje? Tenki lina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasicheze? Picha iko wapi?

Bagi_Nyumbani: Samahani mkuu, ni FE. Pampu nje. Kuta hamna, ni boksi tu.

DadaGereji: Kaka kifuniko chenye tundu kwenye bagi usithubutu. Ikilala ubavu petroli inakumwagikia mgongoni na ekzosi iko hapo hapo. Kipumulio kitoke juu kabisa ya tenki, weka valvu ya gololi inayojifunga gari likipinduka, halafu mpira wa mm 8 uupandishe mpaka bomba la juu ya kichwa, uukunje, ushuke mpaka chini ya tenki mbali na ekzosi. Shingo ya kujazia nayo iwe na mpira wake wa kutolea hewa, la sivyo ukifika sheli petroli inakurukia usoni. Na kuta mwambie aweke kabla hajafunga, bila hivyo kwenye kona pampu inavuta hewa.

Mzee4K: Mnamzungusha kijana. Kifuniko chenye tundu nimetumia kwenye gari la injini ya 4K, Toyota ya zamani, miaka na miaka.

Spana14: Mzee shikamoo, lakini 4K yako tenki lilikuwa chini ya buti, hili liko nyuma ya shingo ya mtu.

PanganiRoad: Mpira sawa ila mwisho wake weka kichujio, sikiliza yaliyonikuta. Mwaka juzi natoka Tanga kwenda Pangani, kila nikitembea kama nusu saa gari linakohoa linazima, nasubiri linawaka, naenda linazima tena. Fundi mmoja akasema pampu, nikanunua, mwingine akasema koili, nikanunua na hiyo, bado. Jua la saa nane, mke wangu na mtoto wamekaa chini ya mnazi, nikafungua kifuniko nione kama mafuta yapo, likavuta hewa fyuuuu, bati la tenki likarudi tang! Kumbe lilikuwa limebonyea kwa ndani. Mpira niliuacha wazi, nyigu wakajenga humo, udongo umekauka kama saruji, nimeukwangua kwa spoku ya baiskeli. Pampu ya zamani haikuwa na tatizo lolote, na nilishaigawa.

Mzee4K: Marahaba Spana. Kuhusu paipu weka shaba, inakunjika vizuri.

DadaGereji: Hapana mzee wangu, shaba ikitikiswa inakuwa ngumu halafu inapasuka. Aweke paipu ya chuma kama ya breki ila nene, mpira vipande vifupi tu mwishoni, na uwe wa EFI ulioandikwa 30R9. Huu mweusi wa kupima kwa mita usiweke kwenye bar 3.

Mzee4K: Magari ya zamani yalikuwa na shaba na yametembea.

Jini_la_Spea: Mimi ningetafuta tenki la Toyota Starlet EP91 iliyokatwa kwa ajili ya spea. Pampu ndani, kuta, kila kitu.

Spana14: Halitaingia nyuma ya siti hilo. Na akilikata kulichomelea upya, mvuke wa petroli hautoki kwa kusuuza mara moja, linalipuka. Tenki jipya lake ni zuri, pampu aiweke chini kuliko tenki, inasukuma vizuri kuliko kuvuta. Na asijaze mpaka shingoni, lita 40 zikipata joto nyuzi 20 zaidi zinavimba karibu robo tatu ya lita.

Bagi_Nyumbani: Nimempigia fundi asubiri. Hiyo valvu ya gololi pale Gerezani kwenye maduka ya spea naipata?

Jini_la_Spea: Gerezani sijaiona, jaribu kwenye tenki la gari la ajali. Gia boksi umeweka ya nini lakini?

Bagi_Nyumbani: Ya Corolla, manyo. Ila linkeji (vyuma vya kuunganisha mkono wa gia) inanisumbua, gia ya tatu haiingii.

Mzee4K: Hiyo linkeji tuma picha kijana.