Mnafanyaje ili akili itulie mnapochora?

Muulizaji, Jinja
Habari zenu wachoraji. Mimi huchora jioni nikishafunga duka. Hamu ninayo, ila kila mstari naukagua kabla haujaisha: pua imekaa sawa? Mkono si mrefu mno? Raba inafanya kazi kuliko penseli. Shuleni nilikuwa nachora hadi nasahau chakula. Nataka raha ile irudi. Ninyi mnaipataje?

Mchoraji, Kampala
Ndugu, pole na kazi. Raha hiyo mimi siingoji ije. Naupa mkono kazi isiyoacha nafasi ya kujikosoa. Nikiwa mjini nachora kalooli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti na majalala. Nawapenda kwa sababu husimama kimya muda mrefu. Namtazama ndege, karatasi siitazami kabisa. Jicho linatambaa pole pole ukingoni mwake, mdomo, kichwa, shingo, hadi miguuni, na penseli inakwenda nalo bila kuinuka. Mchoro utatoka umepinda, uache hivyo hivyo. Hapo unafunza jicho. Kurasa mbili tatu zikipita, honi za bodaboda hata sizisikii tena. Ndipo naanza mchoro wenyewe. Na raba iweke mbali, au tumia kalamu ya wino.

Tena angalia unachora nini. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyewachunguza wanafunzi wa sanaa huko Chicago miaka ya 1960, alieleza kwamba kazi ikiwa rahisi mno mtu huchoshwa nayo, ikimzidi uwezo huingiwa na wasiwasi. Kuzama huja pale katikati. Sura ya mtu baada ya kutwa nzima dukani ni mzigo. Anza na birika, au mkungu wa matoke.

Mchoraji, Mbale
Kweli kabisa. Mimi nikinakili picha naigeuza juu chini. Macho hayaoni tena “pua”, yanaona mistari na vivuli tu. Na simu ibaki chumba kingine.

Muulizaji, Jinja
Asanteni sana. Usiku kalooli nitamtoa wapi? Mkono wangu wa kushoto utafaa?

Mchoraji, Kampala
Unafaa sana, una mikunjo mingi. Taa iweke upande mmoja ili vivuli vionekane, uanzie kidole gumba. Ukimaliza kiganja, geuza mkono uchore mgongo wake.