Mjusi wa mwanangu amelala, hali chakula

Asalaam aleikum. Niko Shela, Malindi. Mwanangu yuko Ujerumani, anafuga mjusi wa madoa, mkia mnene, asili yake Pakistan. Tangu baridi iingie hali chakula, amejikunyata chini ya gome. Huku hata kusi likivuma mijusi hukimbizana ukutani! Afanyeje?

— Mama, asimlazimishe kula. Baridi husimamisha tumbo, chakula huozea ndani. Mimi nilimlisha wangu nyenje usiku wa baridi, akafa. Mpaka leo naumia. Maji yawepo siku zote. Ampime uzito kila wiki. Mkia ukikonda, ampashe joto polepole, amwone daktari wa wanyama.

— Akiwa mchanga au mgonjwa, asiachwe alale hivyo wakati wa baridi.

— Ahsanteni wanangu. Mkia bado umenona, nimemuuliza.