Ziara ya mwaka jana iliishia kwenye soda. Mwaka huu wanataka Kolo, nifanyeje?

MwalimuWaZamu

Mbukwenyi wakuu.

Nafundisha darasa la nne, shule ya serikali huku Bahi. Watoto 83 chumba kimoja, dawati moja wanne. Jina la shule nalihifadhi, Afisa Elimu Kata wetu naye ana simu.

Mwaka jana tulipeleka darasa la nne Dodoma mjini. Waliojaliwa walichanga elfu tano tano, kamati ya shule ikajazia. Watoto walikuwa wameshavaa sare saa kumi na moja alfajiri, basi la kukodi likafika saa mbili na nusu, konda anacheka. Hapo ratiba ikawa imekufa. Bunge tuliliona kwa dirishani. UDOM tuliiona kwa dirishani. Tulishuka Nyerere Square, watoto wakapewa soda na mkate, nikahesabu vichwa, tukapanda. Mimi siku ile sikufundisha kitu, nilikuwa karani wa kuhesabu.

Kesho yake nikawapa insha: "Nilichojifunza kwenye ziara." Nilisahihisha madaftari yote usiku. Soda. Ubaridi wa soda, rangi ya soda, nani alimwagia nani. Binti mmoja, mwandiko wake kama kuku amepita, aliandika: "Tuliona mji lakini mji ulikuwa unapita." Nilimpa alama zote halafu nikashindwa kulala.

Sasa kamati imeamua mwaka huu iwe Kolo, kwenye ile michoro ya kwenye miamba, na kazi nimekabidhiwa mimi. Mwalimu Mkuu kaniambia kabisa kwamba darasa la nne lina upimaji wa taifa, ziara isile vipindi. Andalio la somo nimeliandika mara tatu, nimelichana mara tatu.

Swali langu: mnafanyaje mpaka mtoto arudi na kitu zaidi ya soda? Naomba msiniambie "tumia zana za kufundishia". Zana nilizonazo ni chaki, rula ya mbao ya ubaoni, na ndoo ya kunawia mikono.

Nawasilisha.

Kibuyu cha Maziwa

Mwalimu, soda imekosa nini?

Mimi mtoto wa Manyoni. Tulipelekwa Singida kuona ziwa Singidani. Leo ukiniuliza kina cha lile ziwa sina jibu. Ila wale heroe nawaona mpaka kesho, na maandazi aliyotununulia mwalimu kwa hela yake nayakumbuka. Mtoto hajawahi kuvuka Kigwe, umempeleka mjini, umempa kitu cha baridi mkononi. Ulitaka aandike nini, katiba?

MwalimuWaZamu

Mkuu, hilo nimelipokea na limeniuma kidogo. Lakini wewe ulishuka ukasimama ukawatazama ndege. Wangu hawakushushwa. Ndiyo hoja yangu.

Mstaafu wa Kondoa

Mwanangu mwalimu, mimi nimeshika chaki miaka mingi huku Kondoa na darasa nimelipandisha Kolo mara nyingi kuliko nywele nilizobakiza. Nisikilize kidogo.

Kwanza umbali. Kutoka kwenu, upite Dodoma, Chemba, Kondoa mjini, ndipo Kolo, ni zaidi ya kilomita 200 za kwenda tu. Lami ipo, si kama zamani tulipokula vumbi, lakini ni siku nzima, na ukifika Mongomi, penye michoro yenyewe, bado kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Watoto 83 kwa mkupuo usithubutu. Pale kwenye mwamba wakisimama ishirini, wa ishirini na moja anaona migongo ya wenzake, na utakuwa umerudia basi lako la mwaka jana, safari hii bila dirisha.

Pili, ziara ianzie shuleni, na ianze kwa udongo. Michoro mingi ya kule ni myekundu. Ipo na myeupe, hiyo ni ya baadaye. Mtoto akifika akaambiwa "hii ni ya kale sana, imeandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2006", ataitikia "ndiyo mwalimu" na kichwani anawaza soda. Lakini kama yeye mwenyewe ameshahangaika kutengeneza rangi nyekundu ikamfutikia mkononi, atausogelea ule mwamba kwa macho mengine.

Mimi nilifanya hivi. Watoto walete udongo mwekundu, wautwange kwa jiwe, wauchekeche kwa kitambaa. Kundi moja wachanganye na maji matupu. La pili mafuta ya mbuzi. La tatu ute wa yai. La nne utomvu wowote wanaoujua, maana wachungaji wanaijua miti kuliko wewe. Kila mtoto achore kitu juu ya jiwe bapa. Kabla ya yote waandike wanadhani ipi itadumu, na jina chini. Hapo pa kuandika jina usiparuke, ndipo mtoto anapofungwa! Halafu mawe yakae nje, kila asubuhi mwalimu wa zamu ayamwagie kikombe cha maji.

Sasa jambo ambalo watu wazima ndio wanaoharibu. Wageni wengine humwagia michoro maji ili ing'ae wapige picha. Hiyo ni kuiua. Mawe ya shuleni mtayamwagia, ya Kolo hata kidole wasiguse. Wakiwa wameona maji yalivyofanya kwenye mawe yao, hutahitaji kuwakemea. Dereva ndiye utamkemea.

Na waambie mapema kwamba Mongomi si jumba la maonyesho. Wenyeji bado wanakwenda pale kuomba, mvua na uponyaji. Wapande kwa adabu kama wanaoingia uani kwa watu.

Wakifika, usiwaambie watazame vyote. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alipokuja 1951 alinakili umbo moja baada ya jingine, kwa subira. Kila mtoto achague umbo moja tu, mnyama pofu, twiga, au wale watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, akae chini alichore kwenye daftari. Robo saa, kimya. Soda wanywe wakishashuka.

Fundi Reli

Mwalimu wa Bahi unatafuta ziara ya kilomita 200 wakati reli mbili zinapita mlangoni kwako?

Reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR, hii mpya ya umeme, ni milimita 1,435. Chukua majivu jikoni kwa mpishi wa uji, wachoreshe reli zote mbili uwanjani kwa vipimo kamili. Watembee juu yake, wapime kwa hatua, wapime kwa rula, watoe tofauti. Hisabati hiyo, na Jiografia na Mazingira hiyo hiyo. Waulize pia, treni ipi itayumba zaidi ikikimbia? Wasimame miguu imebana, mwenzao awasukume kidogo. Kisha watanue miguu.

Baada ya hapo watembeze stesheni kwa miguu, ila zungumza kwanza na msimamizi. SGR msiikaribie kabisa, ule waya wa juu una volti 25,000, itazameni mkiwa nje ya uzio. Na uwaambie SGR inayotoka Dar ikipita hapo inaelekea Makutupora ile ya Manyoni, si hii ya zabibu ya Dodoma. Nimeona watu wazima na shahada zao wakilibishania hilo.

Mama Pacha

Mimi ni mzazi tu. Mawili. Choo: ulizia kabla vituo vya njiani, hasa kwa ajili ya mabinti, maana wanangu walibana toka Dodoma mpaka Babati wakarudi wanaumwa. La pili, mzee amesema wasiende wote. Sawa. Ila ukichagua waliolipa tu, ujue umefundisha somo ambalo halipo kwenye muhtasari. Wale wa kubaki nyumbani wanajijua toka siku ya kwanza.

MwalimuWaZamu

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimerudi na ripoti. Mzee wangu wa Kondoa, shikamoo tena.

Nilianza na majivu kwa sababu hayana gharama. Jumatatu baada ya uji tulichora reli mbili uwanjani. Reli ya zamani, hatua mbili za mtoto wa darasa la nne. SGR, tatu kasoro kidogo. Tofauti sentimita 43 na nusu, na ile nusu ilituchukua kipindi kizima, maana nusu ya sentimita walikuwa hawajawahi kuihitaji. Kisha kijana mmoja akatoka mbio na rula, akaenda kupima dawati lake. Sentimita 120. Akarudi anahema: "Mwalimu, dawati letu ni pana kuliko reli! Treni lote linapita hapa?" Darasa zima likahamia kwenye madawati. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kwa kelele zile, nikajua leo naandikiwa barua. Akasimama, akaikanyaga SGR ya majivu, akaipima kwa viatu vyake. Hakusema kitu. Kesho yake akauliza stesheni tunakwenda lini.

Stesheni tulikwenda wote 83, kwa miguu, Ijumaa. Msimamizi alitupokea vizuri. Mama Pacha, aliyelipa na asiyelipa hapo hawakujulikana.

Udongo ndio uliniharibia mipango kwa namna nzuri. Nilitaka tuchimbe nyuma ya vyoo. Kuna mtoto simtaji, mtoro mashuhuri, siku za mnada haonekani kwa sababu anaswaga mbuzi. Akaniambia ule haufai, una mchanga, ukwaruze utaona. Akatupeleka korongoni, akaonyesha tabaka jekundu kama ini. Toka siku ile amekosa siku moja tu, na aliaga.

Kwenye kuotea, wengi waliweka majina yao kwenye yai. Rangi ya maji ilikwisha siku ya kwanza, ikabaki kivuli. Yai lilishika vizuri halafu likaanza kubanduka vipande vipande. Utomvu mpaka leo unanata, nzi wamekwama humo, lakini rangi ipo. Mafuta ya mbuzi maji yalikuwa yanateleza juu yake, kundi lile wakaanza kutamba. Usiku wa tano mbwa wa jirani wakaingia wakalamba mawe yao yote, yakabaki yanang'aa. Kulikuwa na kilio cha kweli jamani, nilibembeleza watu wazima kumi na wawili wa miaka kumi.

Basi yule mtoro akanyoosha mkono, jambo ambalo hafanyi. "Mwalimu, kule Kolo fisi hawakulamba?"

Sikuwa na jibu. Nimemwambia aliandike ukurasa wa kwanza wa daftari la safari. Wenzake wakadai na wao waandike yao, sasa nina maswali 83 ambayo mengi siyawezi, mzee wangu jiandae.

Kuhusu nani aende: tumekubaliana na kamati makundi mawili, kwa kura ya vikaratasi kwenye ndoo yangu ya kunawia, si kwa risiti. Arobaini na wawili mwezi wa sita, waliobaki mwezi wa nane, mbali kidogo na upimaji. Hela ya kundi la kwanza imetimia. Ya pili bado, kamati inafikiria kuuza mpunga wa shamba la shule.

Kilichobaki ni usafiri. Mwenye kujua mtu wa Coaster wa uhakika, anayefika saa aliyoahidi, anitajie. Yule wa mwaka jana ameshanipigia, nimemwambia tunakwenda kwa miguu.