MREJESHO: Pingamizi la rasimu ya mpango wa ardhi, Ilemela (Mwanza)

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kupinga rasimu inayogeuza mwalo wetu (eneo la kushushia samaki) kuwa eneo la hoteli. Asanteni sana mlioelekeza.

Barua yetu ya kwanza ya pingamizi, sahihi kibao, haikuzaa matunda: ilisema "hatutaki" tu. Ya pili imetaja namba ya mchoro, mipaka ya mwalo kwa koordineti, vichanja vya kuanikia dagaa, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tukaambatanisha muhtasari wa mkutano wa mtaa.

Nanyi mkipeleka barua, nakala yenu igongwe muhuri wa masijala (ofisi ya kupokea barua) wenye tarehe. Bila huo, ni vigumu kuthibitisha kuwa barua ilipokelewa! Majibu bado, ila wapimaji wameshakuja mwaloni.